Kumi na Moja Ilinikatalia

Tororo, Jumatano

Kwako Mama,

Pokea salamu zangu za mapenzi. Natumaini goti limepoa na unavuka mpaka kwenda sokoni bila fimbo. Mimi ni mzima na chakula nakula, usianze kuhangaika. Nimeandika kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kabla sijamaliza.

Najua umeshaalika kanisa zima la Masinya kwenye sherehe yangu ya digrii. Basi nisikilize taratibu.

Kazi yangu ni programu ya kuvunja polinomia, yaani hesabu ndefu yenye x, iwe vipande vidogo vinavyozidishana. Tunaifanya ndani ya namba zenye kikomo. Chukua kumi na tatu: kila ukizidisha, unaondoa kumi na tatu zote na kushika kinachobaki. Tano mara tano, inabaki kumi na mbili. Mara tano tena, inabaki nane, tena, moja, kisha unarudi kwenye tano. Namba nne zinazungukana na hazimwingizi mgeni. Programu yangu huzitafuta nne hizo, ndizo kisu chake.

Ilikubali kila mara. Kumbe nilikuwa najaribu kumi na tatu, thelathini na saba, sitini na moja: zote ni dazeni kamili na moja juu. Nimelelewa kwenye vikombe vyako vya kuuza kwa dazeni, mkono ukazichagua bila kuniuliza. Msimamizi wangu, Dokta Omoding, akasifu, akasema yuko tayari kusaini.

Ijumaa nikajaribu kumi na moja. Humo nne za kuzungukana hazipo kabisa. Programu ikatafuta, ikatafuta, mpaka nikaizima.

Sasa ukweli wenyewe. Hakuna mwingine aliyeona kosa, na ningenyamaza ningevaa joho mwezi ujao. Jumatatu nilikwenda kwa Dokta nikamwomba anirudishie kazi. Alinitazama sana, akasema nitasubiri mwaka mzima, ila sasa anaiamini kazi yangu kuliko mwanzo. Jana nikagundua kwamba kwenye kumi na moja zipo namba tano zinazozungukana, na kisu hicho kinakata. Nimefurahi mpaka nimeona haya.

Najua nimekuaibisha, nisamehe. Usiwatangazie watu peke yako. Jumapili nakuja, nitasimama mbele ya kanisa niseme mwenyewe, na wewe ukae tu.

Nisalimie mdogo wangu Arnold na jirani zetu wote.

Ni mimi binti yako,
Ajambo