Kwa Eleuterio Barragán: Picha Yako Imepata Sauti

Ni mwaka mmoja sasa tangu uvue kofia kwa mara ya mwisho, Babu Eleuterio. Waongozaji wengine walipiga kelele kusimamisha kamera. Wewe ulivua kofia tu, na watu wote wakatulia.

Uliingia studio za Mexico ukiwa mbeba taa, ukawa mwongozaji wa filamu ambazo mama zetu walizililia waziwazi na baba zetu wakasingizia mafua. Ulipopiga picha vijijini, wanakijiji waliojaza umati walikula kwanza, nyota wa filamu baadaye. "Mwenye njaa haigizi," ulisema, "ananung'unika tu."

Uliondoka ukiamini kwamba filamu yako ya "Abiria wa Tepeyahua" iliteketea. Haikuteketea, Babu. Mvua zilipoanza ilipatikana katika jumba la sinema lililofungwa zamani. Picha ilikuwa safi, ila sauti yote imekufa.

Tulimkimbilia Bibi Amparo, mkeo, tukishangilia. Macho yamemwishia siku hizi. Akasema, "Mimi sioni, wanangu. Picha bubu niifanyie nini?"

Basi tulimchukua tukaenda naye Tepeyahua, kijiji ulikoipigia filamu hiyo, ili turekodi sauti upya. Wazee waliokuigizia wangalipo, na uliwakaririsha mistari yao mara nyingi hata watoto wao wameyarithi maneno. Doña Leonor, nyota wako, alikuja na mkongojo wake akayasema yake yote bila kukwama. Ukabaki umati unaolia stesheni. Tulimuuliza doña Chabela, mmoja wa umati huo, alikuwa akisema nini pale, maana kwenye picha midomo ilimcheza sana.

"Nani alie? Nilikuwa namwambia wifi yangu, huyu mwenye kofia atatuachia lini, maharage yangu yanaungua!"

"Nami nikakujibu," akadakia wifi yake, doña Tomasa, "yasipoungua tutajuaje kuwa ni yako?"

Mwanao Fermín alicheka hadi akakaa chini. "Semeni hivyo hivyo, mama zangu. Baba angefurahi."

Lakini pengo moja lilibaki, nalo lilikuwa lako mwenyewe. Pale mwishoni unatokea ukiigiza mkuu wa stesheni, unamwambia neno yule mwanamke anayesubiri. Hakuna aliyelikumbuka. Fermín akashauri tupaache kimya.

"Kimya cha nini?" Bibi akauliza kutoka kitini kwake. "Nani alimkaririsha jikoni, huku nasaga pilipili? Mtu kafundisha nchi nzima kusema, kashindwa na mstari wake mmoja! Nisogezeeni hicho kipaza sauti."

Midomo yako ilipofunguka kwenye picha, tulimgusa bega ajue ni zamu yake.

"Treni imechelewa tu, mama," akasema, "haijakataa kuja. Keti."

Hakuna aliyeomba arudie.

Jumamosi hii, baada ya misa yako ya mwaka, filamu itaonyeshwa uwanjani Tepeyahua. Waliokujua na wasiokujua, karibuni. Chakula kitatangulia, kama ulivyotaka.

Unakumbukwa na mkeo Amparo, wanao Fermín na Ofelia, mkweo Rodrigo, wajukuu zako Itzel, Damián na Jacinta, na watu wote wa Tepeyahua.

Daima tutakukumbuka, Babu, na kuanzia Jumamosi tutakusikia pia, kwa sauti ya mkeo.