Kipimo cha Fabiola

Murara, Goma, 4 Mei 2025

Mudogo wangu Wivine,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Unaamkaje huko Iowa, na yale magoti yako yanasemaje? Sisi tunapumua. Benki bado zimefungwa, uwanja wa ndege vilevile, lakini maharagwe yanaiva na karakana haikosi kazi. Tangu vita vya Januari natengeneza masanduku mengi ya maiti kuliko milango. Sitaki kusema zaidi.

Sasa hao mashabiki wenzako wa basket. Unasema kila jioni mnagombana kwenye WhatsApp kuhusu nani anayefaa kuchukuliwa na chuo cha hapo kwenu, na kwamba yule mzee wa Bukavu, Édouard, hataki hata kusikia jina la binti yangu mpaka apate vipimo vyake. Mwambie hivi: mchezaji humjui akiwa na mpira. Mwangalie mpira ukiwa kwa mwenzake. Fabiola hukimbilia mahali ambapo mpira bado haujafika, na mpira unamfuata. Hilo atalipima kwa futi ngapi? Nimetuma video nne. Waangalie, wana macho.

Yaya wako,
Josias

Iowa, 9 Mei 2025

Yaya Josias,

Shikamoo. Magoti yananiuma, kaka yangu mkubwa, asante kwa kuuliza. Wewe unakula vizuri, au bado unakula ukiwa umesimama tangu mama Fabiola atutoke?

Video tumeangalia. Nililia kidogo. Lakini Édouard anasema video hudanganya kama picha za harusi, na kocha msaidizi wa chuo humsikiliza Édouard, si mimi. Anataka urefu, na anataka urefu wa mikono ikiwa imenyooshwa. Alama ya ukutani haikubali, ati watoto huinua visigino. Mlaze chali mahali palipo sawa, upime kisigino hadi utosi.

Nafasi imebaki moja na orodha inafungwa tarehe 30 Juni. Fabiola ana miaka kumi na minane. Hapo Goma atangojea nini, yaya? Usiwe mbishi.

Mudogo wako,
Wivine

Murara, 18 Mei 2025

Mudogo wangu,

Natumaini u mzima. Nimefanya ulivyotaka, na sikupenda.

Unajua fundi wa masanduku hapimi mtu anayepumua. Mama, kule Butembo, alinifukuza siku nzima nilipomlaza kaka yetu mdogo mchezoni na kumwekea kamba. Lakini Murara hii yote ni mawe ya volkano, mahali palipo sawa ni meza yangu ya kazi tu. Fabiola akapanda huku anacheka. Akasema, "Papa, hii meza iko baridi sana, fanya mbio." Nikapima kwa metre yangu ya masanduku, maana sina nyingine.

Urefu 1.91. Mikono 1.98. Mpe Édouard, ashibe.

Yaya wako,
Josias

Iowa, 22 Mei 2025

Yaya wangu mpendwa,

Nakuandikia nikiwa na furaha hata sijui nianzie wapi. Juzi niliweka namba kwenye kikundi. Kisha Édouard akaandika: "Futi sita na inchi tatu! Kwa nini mlituficha?" Jioni hiyohiyo kocha msaidizi aliomba cheti cha shule cha Fabiola. Unaona sasa? Wewe na falsafa zako za mpira ukiwa kwa mwenzake! Namba ndiyo iliyogonga mlango.

Mbusu Fabiola. Mwambie anunue viatu vinavyomtosha.

Mudogo wako,
Wivine

Murara, 1 Juni 2025

Wivine,

Habari za huko? Mimi mwili ni mzima, moyo sijui.

Siku ile ulipoandika namba kwenye kikundi, mama mmoja alikuja karakana. Simfahamu, na mimi nawafahamu watu wa Murara na wa Munigi pia, wote wamekwisha kupita kwangu wakilia. Huyu hakuwa analia. Viatu vyake vilikuwa vyeupe, havina hata chembe ya vumbi letu jeusi. Akasema, "Papa Josias, minataka sanduku ya metre moja na quatre-vingt-onze. Uache nafasi, mikono yake iko mirefu."

Yaani 1.91, kipimo kilekile. Nikamuuliza marehemu anaitwa nani. Akasema, "Weye utengeneze tu, jina itakuya."

Akageuka akaondoka, randa bado iko mkononi mwangu. Nilipotoka nje kumfuata, watoto waliokuwa barabarani waliniambia hawakuona mtu.

Naogopa, mudogo wangu. Nafuta kipimo kile. Waambie nilikosea, Fabiola ni 1.84. Fanya hivyo, nakuomba.

Yaya wako,
Josias

Iowa, 6 Juni 2025

Yaya,

Pole kwa hofu. Lakini nadhani harufu ya vernis ya mbao imekuingia kichwani. Fungua madirisha unapopaka! Mjini mna wafiwa wangapi mwaka huu? Mmoja wao ana mtoto mrefu, basi.

Hata hivyo wewe ni mkubwa wangu, nimetii. Leo asubuhi nimeandika 1.84. Édouard amecheka, kocha hajanijibu tena. Kuna msichana wa Kampala anayetajwa badala yake. Kama ulitaka kumfungia binti yako mlango, umefaulu, na nimekasirika.

Wivine

Murara, 7 Juni 2025

Mudogo wangu,

Sina salamu ndefu leo. Amerudi jana. Alisimama palepale mlangoni akasema, "Papa, nilikosea. Haiko quatre-vingt-onze, iko quatre-vingt-quatre. Ukate upya."

Namba hiyo, 1.84, niliiandikia wewe peke yako. Fabiola mwenyewe haijui. Nimehesabu saa: ulipoiweka huko asubuhi, huku ilikuwa alasiri, naye alikuja alasiri. Wahenga walisema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Huyu anafuata namba, Wivine. Popote inapoandikwa jina la mtoto wangu na urefu wake, anaisoma.

Ifute. Wamchukue kwa macho au wamwache.

Yaya wako,
Josias

Iowa, 14 Juni 2025

Yaya wangu,

Nisamehe kwa maneno ya juzi. Nimesoma barua yako mara tatu na sasa hata mimi naogopa kufungua simu.

Nimefuta kwenye kikundi. Nilipiga magoti kwa kocha, nikamwomba aangalie video tena, aangalie mpira ukiwa kwa wengine. Aliangalia. Alinipigia mwenyewe akasema, "Huyu msichana huona mapema." Anamtaka, yaya! Ulikuwa na haki tangu mwanzo.

Lakini kuna fomu ya chuo, na fomu haikubali nafasi ya urefu iachwe tupu. Nimejaribu kuweka sifuri, imekataa. Bila namba hakuna viza, bila viza anabaki huko pamoja na huyo mama. Tunafanya nini? Siku zimebaki kumi na sita.

Mudogo wako,
Wivine

Murara, 22 Juni 2025

Mudogo wangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na nyumba yako yote. Sisi ni wazima, na leo nimekula nikiwa nimekaa.

Andika 1.88. Usiniulize, na usimwambie Fabiola chochote. Mimi nimekwisha kumwambia yule mama namba hiyo kabla hajaisoma. Alikuja jana, nikamwendea mimi kwanza. Aliniangalia kutoka utosini hadi viatuni, polepole, kama mtu anayechagua. Kisha akasema, "Sasa iko sawa," akaketi kwenye benchi langu. Hajasema siku ya kuchukua.

Sanduku ni la mbao za libuyu, nimelipiga randa vizuri kuliko yote. Siogopi tena. Nampenda huyu mtoto kuliko pumzi yangu, ulijue hilo. Viza ikitoka atavuka kwa miguu hadi Gisenyi, halafu Kigali. Mpokee. Asipoosha vyombo, mgombeze.

Yaya wako,
Josias

Iowa, 24 Agosti 2025

Yaya Josias,

Shikamoo. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Fabiola alifika salama, anakula, vyombo anaosha nusu.

Ijumaa karani wa timu alimpima ili ampe jezi. Futi sita na inchi tatu, 1.91. Kwenye fomu ni 1.88. Édouard alicheka akasema fundi wetu hajui kupima. Nami nikacheka, kwa aibu. Fabiola hakucheka. Alisema, "Tantine, papa hakoseake. Quatre-vingt-huit ni yeye. Iko kwa ukuta ya nyumba, chini ya alama yangu."

1.88 ni urefu wako wewe, yaya. Nilitoka nje nikakaa chini kwenye majani.

Jirani yako Eugénie anasema karakana ina kufuli tangu Jumanne, na kwamba hakukuona ukitoka.

Karani anataka kusahihisha fomu. Alikuwa na kalamu mkononi, akaniuliza aandike ngapi. Nilijua akiandika 1.91 huenda ukanijibu barua hii. Fabiola alikuwa amesimama kando yangu, amevaa jezi mpya.

Nilimwambia aache ilivyo. Nisamehe, yaya.

Mudogo wako,
Wivine