Kona ya Kilomita ya Nne

MAELEZO YA SHAHIDI
Shahidi: mwanamke, kazini huitwa Mama Brashi
Umri: miaka 47
Kazi: dereva wa gari la kufagia barabara
Makazi: nyumba za wafanyakazi, nyuma ya karakana

Nimeonywa niseme kweli. Nasema kwa hiari yangu.

Mnamo tarehe 14 mwezi wa sita, siku ya Jumanne, saa 11:50 alfajiri, niliingia barabara kuu nikitokea upande wa karakana ya treni. Ni barabara fupi, kilomita tisa na nusu tu, inakata jiji kutoka karakana hadi kwenye matangi ya maji. Huu ni mwaka wangu wa kumi na sita kuifagia. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito. Maghorofa yalionekana nusu ya juu tu, yanaelea. Hata mngurumo wa gari langu niliusikia kama unatoka mbali, kwa mtu mwingine.

Saa 12:15, nikiwa nimepita kilomita ya tatu, niliona mzee anatembea katikati ya barabara. Alivaa suti ya kijivu na kandambili. Alikuwa anahesabu hatua kwa sauti. Kila baada ya hatua hamsini aliinama, akaigusa lami kwa kidole, akaendelea.

Niliteremsha kioo. "Shikamoo, baba. Hapa si pa kutembea, utagongwa."

"Marahaba, mwanangu. Nakagua vigingi vyangu. Usinikanyagie mstari."

Nilishuka nikamshika mkono. Alishtuka, akajivuta kwenda njia ya kulia ambako magari yalikuwa yanapita mbio. Nikamwachia. Nilirudi garini, nikaliweka nyuma yake kimshazari, nikawasha taa zote, nikampigia msimamizi wangu. Akasema, "Toka hapo, unaziba njia!" Nikamwambia, "Nikitoka anakufa," nikakata simu. Naomba ieleweke kwamba njia niliziba kwa makusudi.

Saa 12:32 gari dogo jeupe liligonga brashi yangu ya nyuma. Dereva wake alichubuka paji la uso. Alishuka akiporomosha matusi, lakini alipomwona mzee alirudi garini, akawasha taa za tahadhari, akabaki nyuma yetu. Wengine wakajipanga nyuma yake. Sikusikia honi hata moja. Tulikwenda mwendo wa miguu ya mzee, taa zote zikiwakawaka ndani ya ule weupe, na kwa kitambo nilisahau kwamba niko kazini.

Niliacha dirisha wazi, tukawa tunaongea. Aliniambia yeye ndiye mpima ardhi aliyeichora barabara hii. Sikumwamini, ila tulikuwa tumefika kilomita ya nne, ambako barabara inapinda kushoto bila mlima wala mto. Miaka yote nimejiuliza kwa nini. Nikamuuliza, "Baba, hii kona ni ya nini?"

Akacheka kwa aibu. "Mstari wa kwanza ulinyooka. Lakini palikuwa na ukuta pale kulia, na dada mmoja akianika nguo. Kila asubuhi ananisalimia. Nikasogeza kalamu. Kidogo tu. Nikaandika kwamba udongo wa pale ni mbovu."

"Na ulikuwa mbovu?"

"Ulikuwa mzuri sana, mwanangu."

Nilikanyaga breki. Nyumba ya bibi yangu mzaa mama, aliyenilea, ilikuwa kushoto mwa kona hiyo. Nilikuwa na miaka tisa. Mara ya kwanza watu wa vipimo walitupita. Mara ya pili walirudi na rangi nyekundu, wakachora X ya kubomoa ukutani, wakamwambia bibi ni mambo ya udongo. Neno hilo alilitamka mpaka siku anafariki, kama mtu anayemuuliza mwenzake aliye chumba cha pili.

Mguu wangu haukutoka kwenye breki. Mzee alizidi kwenda, akaanza kuyeyuka kwenye ukungu, nyuma yake hakuna kitu. Nilimsikia akihesabu. Alipofika kumi na nne ndipo nikaachia breki, nikamfuata.

Saa 1:05 mama mmoja mzee alishuka ngazi za pembeni akikimbia, amevaa sweta ya kiume. "Mume wangu jamani, na kandambili tu!" Mzee aligeuka, akamwendea bila ubishi. Yule mama alinishika mikono yote miwili. "Mungu akuweke, mwanangu. Sisi tunakaa hapo tu," akanionyesha ukuta. "Na wewe kwenu ni wapi?"

Nikamjibu, "Tulikuwa majirani."

Alinitazama sana. Aliniachia mikono taratibu, akampeleka mumewe.

Mzee sitaki ashtakiwe. Ya gari jeupe nayabeba mimi. Afande ameniuliza kama nina la nyongeza. Ninalo: bibi yangu alikuwa mshonaji. Nyumba yake ilikuwa na vyumba vitatu, sakafu ya saruji nyekundu aliyoisugua mwenyewe kila Jumamosi, na cherehani dirishani. Sijawahi kuona karatasi yoyote inayoitaja.

Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimemsomea shahidi maelezo yake, amekubali ni sahihi isipokuwa neno moja. Nilikuwa nimeandika "kibanda". Ameomba lifutwe, iandikwe "nyumba". Nimefuta na kuandika nyumba. Saa 4:20 asubuhi.