Jiko la Kioo na Kigae cha Mama Tabitha

Sanawari,
S.L.P. 2417,
Arusha.

23 Mei 2006

Mpendwa kaka Nathanaeli,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Hedwiga na mtoto wetu Blessing, na kwamba baridi yenu ya Leipzig imelegea. Mgongo unaendeleaje? Siku ya Pasaka uliniambia kwenye simu kwamba daktari amekukataza kubeba vitu vizito, nami nikakumbuka ulivyokuwa ukishusha gunia la kahawa mteremko mzima bila kupumzika. Pole sana. Uzee umeanza kubisha hodi.

Sisi huku hatujambo. Masika ni ya kweli mwaka huu. Siku tisa sasa hatujauona mlima, tunaambiwa tu kwamba upo. Ludovick ana mafua, na unamjua shemeji yako, akiwa na mafua nyumba nzima lazima iugue naye.

Kaka, kabla ya habari nyingine nataka kuungama. Ile Pasaka uliponiuliza kama jiko ulilotuma linapika, nilikujibu kwamba linapika vizuri ajabu. Nilikudanganya. Siku ile jiko lako lilikuwa chini ya kitanda, limefungwa kwenye boksi lake, na mimi nilikuwa naamini limekufa. Nimeona haya mwezi mzima.

Ilikuwa hivi. Yule mgeni wa dayosisi alilileta salama, tukaliweka mezani, tukachomeka plagi. Taa ikawaka, namba zikatokea. Nikabandika sufuria ya maji. Likalia pii, pii, pii, kisha namba zikazimika. Nikaligusa kwa kiganja, baridi kama sakafu. Nikabandika sufuria nyingine, pii tena. Tukamwita fundi Philemoni, yule anayetengeneza redio hapo kona. Akalifungua, akalichungulia, akakuna kichwa, akasema ndani mna waya uliozungushwa kama konokono na hakuna mahali popote pa kushika moto, kwa hiyo Wazungu wamesahau kuweka koili. Akalifunga. Nikalia, kaka. Sikulilia jiko, nilimlilia Mama.

Maana sababu ya haya yote unaijua. Daktari wa Nkoaranga alisema wazi mbele yangu: kifua cha Mama hakitastahimili mwaka mwingine wa moshi. Anapanda kutoka mferejini akisimama mara nne, mara tano, ameshika mgomba kwa mkono mmoja. Wewe uliagiza masika yasiishe Mama akiwa bado anapuliza kuni. Na jiko lenyewe ndilo hilo, pii pii.

Jinsi lilivyofufuka sijaielewa mpaka leo. Jumapili moja baada ya Pasaka Ludovick alikuwa analijaribu mara ya mwisho kabla hajampa Philemoni akatoe vipuri. Meza ilikuwa imejaa, nikatua birika la chai juu ya kile kioo, lile la bati lenye maua ya buluu tuliloachiwa na bibi. Halikulia. Baada ya dakika chache birika likaanza kuvuma. Ludovick akaruka nyuma na kiti chake! Kumbe jiko lako halitaki sufuria zetu za aluminiamu, linataka chombo kinachoshikwa na sumaku. Kwa nini kikaratasi kile cha Kijerumani hakikusema? Au kilisema, na sisi ndio hatujui Kijerumani. Ludovick akang'oa sumaku kwenye spika ya redio mbovu, akazunguka Soko Kuu akiipachika kwenye sufuria za watu. Wauzaji wakadhani amerukwa na akili. Alirudi na sufuria moja tu, nzito kama nanga.

Nilidhani mambo yameisha, kumbe ndiyo kwanza naanza kuchanganyikiwa. Ludovick akasema jiko la kioo halifai Mama, tumnunulie la gesi. Hoja yake ni mgao wa umeme. Huku mjini tunakatiwa mchana kutwa, na kule Nkoaranga kwa Mama ukiwaka unakuwa hafifu, taa nyekundu kama jicho la mlevi. Makande yanataka saa tatu motoni, atayachemsha na nini? Nikamwona ana haki. Lakini gesi nayo mtungi ukiisha nani ataubeba kwenye njia ile yenye utelezi? Na ikivuja? Jiko la kioo halina moto, haliwezi kumchoma mzee. Hapo nikaona wewe ndiye mwenye haki. Nikachukua daftari, nikagawa ukurasa, upande huu gesi, upande ule kioo. Nilipomaliza, neno "hatari" lilikuwa limeandikwa pande zote mbili na neno "Mama" halikuwa mahali popote. Mshika mawili moja humponyoka, mimi yaliniponyoka yote.

Basi tukapeleka yote mawili, Jumamosi ya tarehe sita. Ludovick aliazima pikapu, akabeba mtungi begani kipande cha mwisho akiteleza na kumtaja kila mtakatifu wa kwao Kibosho.

Mama alitupokea vizuri. Tulianza na lako. Maji yakachemka upesi, naye akanyoosha viganja kuota moto kama anavyofanya siku zote. Akangoja. Akavirudisha kwenye khanga. Akaniuliza jiko limenuna kwa sababu gani. Nikamweleza habari ya sumaku, na kwa kuwa mwenyewe siielewi, alipata maelezo ya mtu asiyeelewa. Kisha umeme ukakatika. Tukawasha gesi, ile pufu ya kwanza ikamrusha hatua mbili nyuma, akasema njiti ile hataiwasha yeye hata kwa fimbo. Lakini chai iliiva, akainywa, akasema yote ni mazuri, Mungu awabariki wanangu. Tukarudi Arusha tumefurahi.

Ijumaa iliyofuata nikapanda peke yangu bila kumwambia. Kaka, tangu kwenye kona ya kanisa niliuona moshi ukitoka kwenye paa la jikoni. Mtungi wa gesi ulikuwa chumbani, umefunikwa kitambaa cha kufuma kama mgeni wa heshima. Jiko lako limewekwa kabatini na juu yake Biblia na miwani. Na Mama ameinama kwenye mafiga matatu, anapuliza, anakohoa, anapuliza.

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mzazi, kwamba anataka kufa makusudi ili sisi tubaki na lawama. Aliondoa mahindi ya mbegu yaliyoning'inia kwenye dari juu ya moto, akayageuza upande wa pili, akayarudisha. Nilikaa kwake siku mbili nikiwa na aibu, nisijue niombe radhi au niendelee kununa. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu kwa pamoja.

Jumapili asubuhi, kweupe tayari, nikasikia hodi ya jikoni. Ni Mama Tabitha, yule mjane wa chini kwenye mfereji, ameshika kigae chake. Unakumbuka tulivyokuwa tukitumwa kwake na kwa wengine kuomba kaa la moto? Mimi nilidhani desturi ile ilikufa siku nyingi. Akaketi kwenye kigoda. Akamwuliza Mama amelalaje. Akamsikiliza Mama akikohoa mpaka mwisho, kama anayehesabu. Wakaongea Kimeru kidogo, habari ya ndizi zilizoangushwa na upepo. Kisha Mama akamchagulia kaa zuri kwa koleo, akaliweka kigaeni, na Mama Tabitha akaondoka.

Nikamwuliza Mama, kila siku? Akasema, "Kila siku tangu baba yenu atutoke. Sasa ninyi mkizima moto, Tabitha atakuja kuomba nini kwangu? Asubuhi nisipoamka, nitajulikana saa ngapi?"

Kaka, nilikaa chini palepale kwenye majivu. Mwezi mzima nimepima umeme na gesi, kumbe Mama alikuwa anapima kitu kingine. Anaishi peke yake, watoto tuko mbali, na anayekuja kuhakikisha kama amepumua usiku kucha anakuja kwa sababu ya kaa la moto.

Nilikwenda kwa Mama Tabitha bila kujua nitamwambia nini. Nilimkuta anapika. Alipoinama kuchochea, kibiriti kikamdondoka kwenye mkunjo wa khanga, kizima, kimejaa njiti. Tulikitazama wote wawili. Nikamwuliza anacho tangu lini. Akacheka mpaka meno yaliyobaki yakaonekana, akasema, "Mwanangu, siku hizi kibiriti kiko kila duka. Lakini nikisema ninacho, nitaingiaje kwa mama yako kila asubuhi? Ningempelekea pole, angenifukuza."

Sikujua nicheke au nilie. Miaka kumi na mmoja tangu Baba atutoke, huyu anatoa moto ili apate kutembelewa, yule anaomba moto ambao anao, na kila mmoja anaona anamsitiri mwenzake! Nikamweleza habari ya kifua, neno kwa neno kama daktari alivyosema. Alifunga mlango wake, akapanda mteremko mbele yangu, akaingia chumbani kwa Mama, akakivua kile kitambaa cha kufuma na kuniamuru nibebe mtungi jikoni. Kisha akatoa kibiriti chake mbele ya macho ya Mama, bila haya. Mama alikitazama kibiriti, akamtazama Tabitha, akasema kwa Kiswahili ili na mimi nisikie, "Mwongo mkubwa wewe." Akasogea kumpisha. Tabitha akawasha.

Basi ndivyo ilivyo sasa. Mama haiwashi ile gesi, anaogopa pufu. Kila asubuhi Mama Tabitha anapanda na kibiriti kumwashia, wanakunywa chai pamoja, na kigae bado anakuja nacho ingawa anarudi nacho kitupu. Mahindi ya mbegu yamehamia kwenye dari la Tabitha, yapate moshi. Jana nilipokwenda kumwona, Mama alipanda kutoka mferejini akasimama mara mbili tu. Jiko lako nimelirudisha kwangu, na umeme ukiwepo linapika vizuri ajabu, kwa hiyo uongo wangu wa Pasaka sasa ni kweli. Lakini usiniulize tulichagua lipi kwa sababu gani, maana nikianza kueleza nachanganyikiwa upya. Ludovick anasema gesi imeshinda. Mimi sina hakika kwamba ni gesi.

Msalimie sana wifi Hedwiga, na Blessing umbusu kwa ajili yangu. Ludovick anakusalimu na mafua yake. Mama anasema amekusamehe lile jiko lililonuna. Mungu aliyetulinda chini ya paa moja awalinde ninyi chini ya paa la ugenini, na awarudishe tukiwa bado wote tupo.

Na Mama Tabitha naye anakusalimu. Ameniagiza nikuombe jambo moja tu: katika wema wako, usije ukamtumia Mama jiko linalojiwasha lenyewe.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,

Eunike