Baba Yako Alipokuamkia Shikamoo

Baba Neema, mume wangu,

Hapa Mhezi, huku mlimani, ukungu umeshuka tangu asubuhi, hata migomba ya mlangoni siioni. Simu yako haipatikani, ndiyo maana nakuandikia.

Nakumbuka siku uliyolia jikoni. Nilikuwa nakoroga makande, ukaingia umelowa chapachapa, umetoka kwa yule mwanamke wa Kihurio, na wala sikuwa nimekuuliza. "Mama Neema, sitaki, lakini nakwenda. Miguu inanipeleka." Nilikasirika, jamani! Nikaona ni maneno ya wanaume tu. Lakini kazi ulishaipoteza, uliapa ukaacha, ukarudia, na hata raha yenyewe ulisema huioni tena.

Ukoo wakasema ni babu yako, yule wa wake saba. Fuvu lake limekaa kwenye pango la mafuvu ya wazee wa ukoo bila kutunzwa, kwa hiyo sasa anatembea kwa miguu yako. Wakakupeleka pangoni na beberu na dengelua, pombe yetu ya miwa, watu wale wale wanaoimba kwaya Jumapili. Ukakalishwa uso kwa uso na lile fuvu. Uliporudi hukuwa na aibu tena, na hilo ndilo lililonitisha. Baba yako mzazi akakufuata uani, akainamisha kichwa, akakwambia, "Shikamoo, baba."

Nikangoja ucheke. Ukaitika "Marahaba" kwa sauti nzito ya kizee ambayo sijawahi kuisikia kwako, kisha ukaniangalia kama mwanamke mgeni. Wiki ile ile ukashuka mlima, na hakuna aliyekuzuia. Nani amzuie babu?

Nilikwenda Same kwa daktari wa akili, nikamweleza yote. Hakucheka. Akasema siku hizi wataalamu wanahesabu kuwa ni ugonjwa wa akili, mtu anaposhindwa kabisa kuizuia tamaa yake, muda mrefu, huku maisha yake yanabomoka. Si kila mzinzi ni mgonjwa, akaniambia, na wao wenyewe bado wanabishana mpaka wa ugonjwa huo uko wapi.

Nikamuuliza, "Kwa hiyo hana kosa?"

"Kuumwa si ruhusa, mama. Aje mwenyewe tuongee. Watu wanapata nafuu."

Mwenzangu, nina hasira na wewe, na nimekukumbuka mpaka kifua kinauma. Jana mchana kuna mtu alipita kwenye ukungu chini ya shamba, amevaa koti kama lako. Nikaita jina lako la ubatizo. Hakugeuka. Baba yako alikuwa kibarazani, akavua kofia, akaamkia. Kule chini mtu akaitika.

Sikumfuata. Jumamosi ukoo wanarudi pangoni kumpelekea babu mbuzi mwingine, nimewaambia mimi simo. Jumatatu asubuhi nitakuwa kwenye benchi la kliniki mjini Same, na Jumatatu inayofuata vile vile. Niliolewa na wewe, Baba Neema, na ni wewe ninayekungoja. Ukija, njoo peke yako.

Mkeo,
Mama Neema