Sauti ya Kuanzia

Jumatano

Nassor kanipandisha hasira leo, na kosa ni langu mwenyewe.

Sisi wanne tunaimba bila ala, zile nyimbo za mapenzi za zamani za Kimarekani, du-wap. Nassor anaimba juu, mie besi, na mie ndiye nnayewatolea wenzangu sauti ya kuanzia. Tangu Nassor aanze kukwaruza huko juu, kila mwezi nnaishusha kidogo, kimyakimya. Hajui. Anajisifu tu.

Leo mazoezini, nyumbani kwake Wattaya, nimeishusha mpaka besi yangu ikatoka pumzi tupu.

Nassor akasimamisha wimbo. "Ah, Sefu! Besi imekwisha! Mie na umri huu nnapanda kama kijana, wallahi!"

Wenzetu wawili wakainamia vikombe vya kahawa, mabega yanawatetemeka.

"Uzee, bwana," nikamwambia. "Niombee dua."

Akaniombea, tena kwa sauti kubwa.

Ijumaa anamuoza binti yake, na sisi ndio waimbaji. Nnaogopa. Nikiipandisha, atakwaruza mbele ya wakwe zake. Basi ntashuka hivyohivyo, nitoe pumzi tupu. Wanicheke mie.