UMRI WA RIKA ZIMA

KITUO CHA POLISI KOROGWE
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Tiampati Keriako
Jinsia: Mme
Umri: Miaka 84 kwa kitambulisho. (Shahidi anapinga. Ameelekezwa atoe sababu ndani ya maelezo.)
Kazi: Mfugaji
Dini: Ya wazee wake
Makazi: Kwaluguru, Handeni
Simu: Ipo kituoni, kielelezo namba 2
Tarehe: 17 Juni 2025
Muda wa kuanza: Saa 4:20 asubuhi

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa nisiseme uongo na nimekubali, ingawa katika jambo hili kusema kweli ndiko kulikonileta kituoni. Kiswahili nakijua, sihitaji mkalimani. Kusoma sijui, hivyo naomba nisomewe kabla sijatia dole.

Nina binti anaitwa Naisimoi, mtoto wangu wa mwisho. Ni muuguzi huko Ujerumani, anaishi na mumewe Mathias, Mshambaa wa Dindira. Mnamo tarehe 3 Machi mwaka huu, jioni, ng'ombe wanaingia zizini, Mathias alinipigia simu. Alisema, "Shikamoo, Baba. Naisimoi amekutwa na uvimbe kichwani. Watampasua." Nikauliza lini. Akasema madaktari wamepanga mwezi wa sita. Nikauliza yeye mwenyewe anasemaje. Akasema, "Anakutaka wewe, Baba."

Kwetu, mtoto akiingia kwenye jambo la kufa na kupona, baba humwekea mkono kichwani na kumtemea mate ya baraka. Niliwabariki hivyo watoto wangu wote, walipokwenda shule na walipooa au kuolewa. Naisimoi nilimbariki siku aliyoondoka kwenda huko, pale pale mlangoni, na alikuwa amevaa koti zito juani anatoka jasho. Mathias alinishauri nimbariki kwa simu. Nilimwambia mate hayapiti kwenye simu. Kisu kitapita pale pale mkono wangu unapokaa. Nilitaka mkono utangulie.

Safari yenyewe haikunishinda. Pasi ya kusafiria nilipata, nauli Mathias alisema ni juu yake, barua ya mwaliko ikaja. Mwishoni mwa Machi nilikwenda Dar es Salaam kwenye ofisi ya viza. Kijana wa dirishani alipitia karatasi zangu akasema, "Mzee, vyote safi. Imebaki bima ya afya ya safari tu." Akanieleza iwe ya kulipa matibabu hadi yuro elfu thelathini, na ikitokea nimefia huko, irudishe maiti nyumbani. Niliona hawa ni watu wanaofikiria mbele. Nikamwambia nitaileta wiki ijayo. Ndivyo nilivyosema, wiki ijayo.

Mnamo tarehe 2 Aprili, majira ya saa tatu asubuhi, nilifika kwenye ofisi moja ya bima Handeni mjini. Nilihudumiwa na mama mmoja anaitwa Salome. Aliniamkia, akanipa kiti, akachukua kitambulisho changu. Alikiangalia mbele na nyuma. Kisha akasema, "Babu, bima ya safari mwisho wetu ni miaka sabini na mitano. Wewe una themanini na minne." Nilimwambia sina themanini na minne. Akanigeuzia kitambulisho, kana kwamba nikikiona nitakumbuka.

Salome si mtu mbaya. Alipiga simu kwenye kampuni nyingine mbele yangu, akaweka spika ili na mimi nisikie. Moja ilisema mwisho wao themanini, tena niwe na ripoti ya daktari. Nyingine inapokea mzee wa umri wowote, nikafurahi, lakini malipo yake ya matibabu hayafiki nusu ya hizo yuro za viza. Inayotosha viza hainitaki, inayonitaka haitoshi viza. Salome akatoka nje akarudi na soda, akaniwekea mbele. Nilipoiona ile soda nikajua nimeshindwa.

Sasa nieleze huo umri, maana ndio umetukalisha hapa. Siku ya kuandikisha vitambulisho, miaka kadhaa iliyopita, tuliitwa shuleni. Sisi wa rika la Seuri tulikwenda pamoja, wazee saba. Rika kwetu si umri mmoja. Ni wanaume waliotahiriwa ndani ya kipindi kimoja, na kipindi hicho huchukua hata miaka kumi na zaidi, kwa hiyo mkubwa wao anaweza kuwa na mke wakati mdogo wao bado yuko nyuma ya ndama. Lakini mkishafungwa pamoja, mmefungwa. Kula mnakula pamoja, na aibu ya mmoja ni ya wote.

Mkubwa wetu ni Nkoitiko. Yeye alikuwa na cheti cha ubatizo cha misheni, kinasema mwaka 1941. Sisi wengine hatukuwa na kitu. Mwandishi akaanza kutuhoji mmoja mmoja, huyu anamzidi nani, yule ni mdogo wa nani. Tuliona anatupanga kama watoto wa darasa la kwanza. Nkoitiko akamwambia, "Hawa ni wenzangu. Waandike na mimi." Nasi tukasema ndiyo, tuandike naye. Hakuna aliyetaka kumwacha mwenzake peke yake kwenye uzee. Tuliingia pale wazee saba, tukatoka tumezaliwa siku moja, tarehe mosi Januari. Tulicheka njia nzima, na tulipofika nyumbani tukachinja mbuzi.

Ukweli ni kwamba bendera ya Uhuru ilipopandishwa mimi nilikuwa nachunga ndama, wa miaka kama kumi. Nkoitiko alikuwa tayari morani, ana mkuki wake. Hesabuni wenyewe.

Mnamo tarehe 14 Aprili nilikwenda kuomba mwaka wangu urekebishwe. Niliambiwa nilete kiapo cha mahakamani, na mzee anayenizidi aje kunishuhudia. Nikaenda kwa Nkoitiko. Alinisikiliza hadi mwisho, halafu akaniuliza, "Sasa unataka kushuka?" Nikamwambia sishuki, nataka kumwona mtoto. Alichokonoa majivu kwa fimbo. Kesho yake alivaa shuka jipya tukaenda naye, akaapa mbele ya hakimu kwamba mimi ni mdogo wake kwa miaka kumi. Iliniuma kumsikia akilisema hilo kwa sauti mbele za watu. Naye ilimuuma, kwa sababu aliposhuka ngazi za mahakama nilimshika mkono, akautoa. Kiapo kilipokelewa. Tukaambiwa tusubiri miezi minne, au mitano. Upasuaji ulikuwa umebaki miezi miwili.

Ndipo nilipofika kwa Deogratius. Namfahamu kwa sura na kwa jina. Ni wakala wa bima, ana ofisi ghorofani hapa Korogwe karibu na stendi, na kazi yake kubwa ni kukata bima za pikipiki na magari. Mnamo tarehe 6 Mei, majira ya saa tano asubuhi, nilimkuta ofisini peke yake. Aliingiza namba ya kitambulisho changu kwenye kompyuta, ikakataa. Akajaribu tena, ikakataa. Akaniangalia, akasema, "Mzee wangu, umepanda ngazi zote hizi bila hata kushika ukuta. Hiyo themanini na nne umeitoa wapi?" Nikamweleza kama nilivyokueleza wewe, binti unayeniandika. Alicheka mpaka akavua miwani. Aliacha kucheka aliponiuliza nafuata nini huko Ulaya.

Akaniuliza, "Wakati wa Uhuru ulikuwa na miaka mingapi?" Nikasema kama kumi. Akahesabu, akaandika 1951. Kompyuta ikakubali pale pale. Karatasi ikatoka, ina jina langu, ina mhuri, na zile yuro elfu thelathini zimo. Kila alichokiweka humo nilikisema mimi kwa mdomo wangu, na ni kweli. Hakuniambia kwamba itagongana na pasi. Nadhani hata yeye hakulifikiria, amezoea pikipiki, na pikipiki haina pasi.

Nilitoka pale mwepesi. Nikampigia Naisimoi nikiwa bado ngazini, nikamwambia nakuja. Alilia. Akaniambia nisisahau sweta. Nikamwambia huku kwetu Handeni sweta nitaitoa wapi, akacheka huku analia, na mimi nikaketi pale pale kwenye ngazi, watu wananipita. Hiyo ilikuwa siku nzuri, na ninaisema ili iandikwe kwamba ilikuwepo.

Mnamo tarehe 29 Mei viza ilikataliwa. Mathias ndiye aliyenisomea barua. Walisema bima ni ya mtu aliyezaliwa 1951 na pasi ni ya mtu aliyezaliwa 1941, kwa hiyo hawajui ni nani kati yao anayeomba kusafiri. Kampuni yenye bima ile ilipopata habari ikamlalamikia Deogratius kwamba ameandika taarifa za uongo. Mnamo tarehe 13 Juni askari wawili walifika Kwaluguru. Waliniamkia vizuri, wakakunywa maziwa, wakachukua simu yangu kwa kuwa ina sauti alizonitumia Deogratius. Tangu siku hiyo sijasikia habari ya mwanangu.

Nimeulizwa kama Deogratius alinidanganya. Hakunidanganya. Nimeulizwa kama aliniomba kitu zaidi ya malipo ya bima. Hakuniomba, na risiti mnayo. Kama kuna kosa, na mimi nimo, niandikeni. Lakini naomba iandikwe hivi hivi ninavyosema. Kitambulisho, pasi, hata hapo juu ulipoandika asubuhi ya leo, kote huko kuna umri wa Nkoitiko. Karatasi moja tu ndiyo yenye umri wangu mimi, nayo ndiyo mmeiita kielelezo namba 1 na kuifunga kwenye mfuko wa nailoni.

Nimeulizwa ninataka nini. Nimechoka, binti. Nimekaa kwenye mabenchi mpaka nayajua kwa jina. Kila dirisha mtu ananiambia pole mzee, na kweli ananionea huruma, na kweli hana la kufanya. Pole nimezijaza. Sitaki kesi na mtu. Kijana Deogratius ana watoto, mwacheni arudi kwenye pikipiki zake. Mwaka wangu ukirekebishwa huo mwezi wa tisa, nitashukuru, lakini utakuwa umenikuta nimekaa.

Leo ndiyo siku ya upasuaji. Mathias alisema ikifika saa saba mchana kwa saa zetu ndipo wanamwingiza. Naogopa. Sijawahi kumwambia mtu hilo, na sasa limeandikwa polisi. Simu yangu iko hapo mezani kwako, mmeiwasha ili msikilize zile sauti. Siombi mnirudishie. Naomba tu ikilia unipe nipokee. Nikimaliza, ichukueni.

Maneno yangu yanaishia hapa. Nimeyatoa mwenyewe, sikutishwa wala sikuahidiwa kitu.

UTHIBITISHO WA MWANDISHI

Mimi WP 5217 Koplo Raheli nathibitisha kwamba niliyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi neno kwa neno, naye akayakubali. Aliomba iongezwe jambo moja, kwamba kati ya wale wazee saba wawili ni marehemu, na wote wawili walizikwa na umri wa Nkoitiko.

Saa 6:48 mchana, kabla shahidi hajatia dole gumba, kielelezo namba 2 kililia. Nilimpa apokee. Alisimama. Alizungumza Kimaasai, ambacho sikifahamu. Nililosikia ni jina Naisimoi, alilitaja mara nyingi. Nilisikia pia sauti ya mwanamke upande wa pili, na baadaye haikusikika tena. Shahidi aliishika simu kwa mikono miwili, akaitemea mate, akaiweka juu ya meza na kuifunika kwa kiganja cha mkono wa kulia. Alisema maneno kwa muda, kwa sauti ya chini. Nilipomuuliza, alinijibu, "Wameshamwingiza. Yeye ndiye aliyesema yanapita."

Ninaarifu kwamba kielelezo namba 2 kimelowa mate. Si uharibifu. Sijakifuta.

Kwa kawaida shahidi hutia dole gumba la kulia. Huyu ametia la kushoto, kwa kuwa mkono wa kulia ulikuwa bado juu ya simu, na sikuona sababu ya kumwambia autoe.

Sahihi ya shahidi: (dole gumba la kushoto)
Sahihi ya mwandishi: WP 5217 Koplo Raheli
Muda wa kumaliza: Haukuandikwa. Shahidi bado yupo.